Stempu na Historia Yetu (3): Bahasha Usiikate

Tarehe 30 Desemba 2025 shirika la posta la Denmark, PostNord, lilipeleka barua zake za mwisho nchini humo. Huduma hiyo ilianza mwaka 1624. Barua bilioni 1.4 za mwaka 2000 zilikuwa zimepungua hadi milioni 110 mwaka 2024, na chache zilizobaki zimeachiwa kampuni nyingine. Nitalirudia jambo hili nafasi ikiruhusu, maana leo niliahidi Unguja.

Msomaji aliyekuwa nasi tangu sehemu ya kwanza hatashangaa nikisema kwamba stempu ninazozipenda kuliko zote za Zanzibar hazina neno Zanzibar. Ni stempu za India, zenye kichwa cha Malkia Victoria na thamani kwa anna. Posta ya Unguja ilikuwa chini ya India: ilifunguliwa mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena 1875. Kwa miaka ishirini barua za Unguja zikabandikwa stempu zile zile zilizotumika Bombay. Kinachozitenganisha ni muhuri wa posta peke yake.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wakusanyaji wenzangu unapoanzia. Bado tunawafundisha watoto kukata kona ya bahasha, kuiloweka, kubandua stempu na kuianika. Stempu inatoka safi, nusu ya muhuri inatupwa pamoja na karatasi, na jina la mji na tarehe vimekwenda. Iliyobaki ni stempu ya India isiyo na thamani yoyote. Huo ni uharibifu wa ushahidi, hata ukifanywa kwa upole.

Tena ushahidi wenyewe ni mtamu. Wafaransa walifungua posta yao mjini Unguja mwaka 1889, ikadumu hadi 1904. Wajerumani nao wakafungua ya kwao Agosti 1890, wakaifunga Julai 1891. Kwa muda wa karibu mwaka mzima, basi, mfanyabiashara wa mji ule alikuwa na posta tatu za kuchagua, na bahasha nzima inatuonyesha alimwamini nani na alimwandikia nani.

Novemba 1895 posta ikaondoka mikononi mwa India. Stempu mpya hazikuwepo, kwa hiyo zile za India zikapigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake, papo hapo kisiwani. Mpangaji wa herufi za risasi huzisoma kinyume, kama kwenye kioo, na b na d humchezea macho. Zikatoka stempu za "Zanzidar", na nyingine za "Zanizbar". Waghushi wamezifuata kama nzi, hivyo ukiuziwa moja kwa bei ya kutupa, jua umeuziwa wino.

Njia hiyo ya kupiga chapa juu ya stempu zilizopo ikarudi Januari 1964. Siku chache baada ya Mapinduzi, stempu za Sultani zilipigwa muhuri wa mkono: JAMHURI 1964. Baadhi yake zilikuwa na sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa, aliyekuwa amekwisha kufariki Julai 1963. Stempu za Zanzibar zenyewe ziliondolewa mwanzoni mwa 1968.

Wangapi wetu wana bahasha za miaka hiyo katika masanduku ya nyumbani? Na matanga yakianuliwa, zinakwenda wapi? Jalalani, au motoni, na vijana wanaosimamia moto huo wana simu mfukoni zenye picha elfu za chakula walichokula. Mwenye bahasha kuukuu aiache nzima, aiweke pakavu, mbali na mchwa na gundi ya plastiki, na aandike pembeni, kwenye karatasi nyingine, ilitoka kwa nani.

Kuhusu Denmark, nafasi imeniishia. Itoshe kusema kwamba bahasha ya mwisho ya PostNord, yenye muhuri wa Desemba 2025, itatafutwa sana, na atakayeiloweka ajilaumu mwenyewe.

Juma lijalo: stempu zilizochapwa katika misheni ya Wuga, Usambara, mwaka 1916, vita vikiendelea.