Kinga ya Mwili Inavyoiamuru Tezi ya Pituitari

Nyuma ya mzizi wa pua, katika kishimo cha mfupa kilicho chini ya ubongo, imekaa tezi ya pituitari, ambayo ukubwa wake unakaribia punje ya njegere na uzito wake ni takriban nusu gramu. Kwa muda mrefu tezi hiyo ilihesabiwa kuwa chini ya amri ya ubongo, hasa haipothalamasi, yaani sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Lakini tafiti zilizochapishwa mwaka 1986 na 1987 zilionyesha kwamba panya wa maabara akidungwa intaleukini-1, ambayo ni mojawapo ya saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, homoni zake za kukabili dhiki hupanda.

Malaria inalidhihirisha jambo hili. Chembe nyekundu za damu zinapopasuka na kumwaga vimelea, seli nyeupe hutoa saitokini zinazoleta homa na mtetemeko, na saitokini hizohizo huichochea haipothalamasi itoe CRH, homoni inayoifanya pituitari itoe ACTH, nayo ACTH husafiri kwa damu hadi kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambako kotisoli hutengenezwa. Kotisoli hulinda shinikizo la damu lisiporomoke na, jambo lililo kubwa zaidi, huzirudi seli za kinga zipunguze saitokini, kwa maana kinga isiyo na kizuizi yaweza kumwangamiza hata yule iliyekuja kumwokoa.

Pituitari yenyewe pia ina seli zenye umbo la nyota zinazotengeneza intaleukini-6, ambayo huongeza utoaji wa ACTH palepale tezini. Homoni nyingine hupunguzwa: ile inayoamsha tezi ya shingo hushuka, na zile zinazoendesha uzazi hufifia, ndiyo maana ugonjwa mzito huweza kusimamisha hedhi.

Mwenye kutumia predinisoloni, dawa inayofanya kazi ya kotisoli, kwa wiki nyingi huinyamazisha pituitari yake, na akiiacha ghafla mwili hubaki bila kotisoli ya kutosha siku homa itakapomjia. Dawa hiyo ipunguzwe kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.