Kiswahili Katika Majina ya Filamu za Hollywood

Mwanafunzi wa Kiswahili mjini Kakamega, sawa na mwenzake kwingineko nchini, huijua tangu shule ya msingi methali isemayo kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Akisikia kwamba iko filamu iitwayo Mogambo, atadhani ni mbiu hiyo hiyo. Sivyo.

Filamu hiyo ya mwongozaji John Ford ilitolewa mwaka wa 1953. Baadhi ya sehemu zake zilipigwa nchini Kenya mwishoni mwa 1952, Hali ya Hatari ikiwa imetangazwa Oktoba mwaka huo. Watazamaji wa Magharibi walielezwa kuwa "mogambo" ni neno la Kiswahili lenye maana ya ashiki. Kiswahili hakina neno hilo. Kinalo mgambo, ambalo halihusiani na mapenzi hata kidogo. Inasimuliwa kuwa mtayarishaji Sam Zimbalist alibadilisha tu herufi moja katika jina la Mocambo, klabu ya usiku iliyovuma Hollywood enzi hizo. Hata kisa chenyewe hakikuzaliwa Afrika: kilitoka katika filamu Red Dust ya 1932, iliyosimulia mambo ya shamba la mpira huko Indochina. Clark Gable ndiye aliyekuwa mhusika mkuu katika zote mbili.

Wanaosomea tafsiri watavutiwa na yaliyotokea Uhispania. Wadhibiti wa utawala wa Franco, wakitaka kuficha uzinzi, waliagiza mazungumzo yabadilishwe ili mume na mke wawe kaka na dada. Matokeo yake, mapenzi yao yakaonekana kuwa ya ndugu wa damu!

Hatari! ya Howard Hawks, iliyotolewa 1962, ni kisa kingine. Jina lake ni Kiswahili safi, nomino tuliyoipata kutoka Kiarabu, na halikuhitaji kubuniwa maana. Ilipigwa Tanganyika, karibu na Arusha, muda mfupi kabla ya uhuru wa Desemba 1961. Hawks alishikilia kwamba John Wayne na wenzake ndio waliowafukuza na kuwakamata wanyama, si watu wa kuwaigiza. Basi neno lilistahili. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger alipendezwa mno na Momella, chini ya Mlima Meru, hata akanunua shamba huko na kuishi kwa miaka kadhaa.