Karakana Huanza na Spana: Soko la Zana na Mtaji wa Fundi wa Nyumbani

Gereji nyingi za Afrika Mashariki hazikuanza na jengo. Zilianza uani, chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na mtaji wake wote ulienea ndani ya sanduku moja la bati. Kwa hiyo kabla ya kodi ya fremu, kabla ya leseni na kabla ya bango, fundi anakuwa ameshafanya uamuzi wake mkubwa wa kwanza wa kibiashara: anunue zana zipi, za kutoka wapi, na ipi itangulie. Akikosea hapo, mapato ya mwaka mzima yataishia kununua upya vitu vilivyovunjika.

Soko limejaa zana kuliko wakati wowote uliopita. Kinachopungua ni mpangilio wa kununua, na mfumo wa fedha unaoitambua zana kuwa ni mtaji kama ulivyo mtaji wa duka au shamba.

Sokoni pakoje

Dar es Salaam, safari ya fundi huanzia Kariakoo na kuishia Gerezani, ambako maduka ya vipuri, vyuma na zana yamebanana na karakana za wachomeleaji. Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe bado huiita Grogan, ndiyo kitovu cha vipuri vya magari, na mwendo mfupi kutoka hapo kuna Kamukunji, ngome ya mafundi wa jua kali wanaogonga bati kuwa majiko, makarai na masanduku ya wanafunzi. Sekta hii ilipata jina katika vitabu vya uchumi duniani kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972, ndiyo iliyolieneza neno "sekta isiyo rasmi". Serikali ya Kenya iliiandikia sera yake mwaka 1992. Tanzania ilikuwa imeshaunda SIDO, shirika la viwanda vidogo, mwaka 1973.

Zana zenyewe hufika kwa njia tatu. Ya kwanza ni China, hasa mji wa Yongkang katika jimbo la Zhejiang unaojulikana kwa bidhaa za chuma. Wafanyabiashara wetu huagiza kupitia maonesho ya Guangzhou, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, au hununua Dubai kwa wenye maghala. Ya pili ni India, ambako Jalandhar katika Punjab hufua spana, plaizi na jiriwa za bei ya kati. Ya tatu ni mitumba: zana za Japani na Ulaya zilizokwisha kutumika, ambazo mara nyingi huja pamoja na magari na vipuri vyake. Juu ya hizo zote wamekaa wakubwa wa jadi, Bosch ya Ujerumani, Makita ya Japani na Stanley ya Marekani, ambao bei yao huwaogopesha wengi na ambao nembo zao ndizo zinazoghushiwa.

Sisi wenyewe tunatengeneza kidogo. Tanzania ilijaribu kwa dhati. Kiwanda cha Mang'ula kilizaliwa na ujenzi wa reli ya TAZARA, kiwanda cha zana za mashine cha Kilimanjaro kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria, na cha Ubungo kilitoa majembe yaliyolima nchi nzima. Ndoto ya kujitosheleza kwa zana haikutimia. Spana inahitaji chuma cha mchanganyiko maalumu, mashine ya kufulia yenye uzito wa tani nyingi, na tanuru la kukikomaza chuma hicho kwa joto linalopimwa. Karakana zetu hufanya kazi kwa bati, chuma laini na chuma chakavu. Hata hivyo zipo zana ambazo fundi hana sababu ya kuagiza nje: meza ya kazi, sanduku, stendi za kuegemeza gari, na tindo zinazofuliwa kutoka springi za magari makuukuu, ambazo chuma chake ni kigumu kushinda tindo nyingi za dukani.

Namba zinazolipa

Kosa linalokula mtaji wa wanaoanza ni kununua seti kubwa inayong'aa ndani ya mkoba wa plastiki. Vipande vinaweza kufika mia, lakini vinavyoshikwa kila siku havizidi kumi na kitu. Magari mengi barabarani kwetu ni ya Kijapani, na Wajapani wana utaratibu wao. Bolti ya milimita 6 hufunguliwa kwa spana namba 10, ya milimita 8 kwa namba 12, na ya milimita 10 kwa namba 14. Ongeza 17 na 19, kisha 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi, na umeshagusa sehemu kubwa ya kazi ya gereji ya mtaani. Magari ya Ulaya ni habari nyingine: bolti ileile ya milimita 8 huko hutaka namba 13, na ya milimita 10 hutaka 16 au 17. Fundi anayeishi mtaa wa Corolla na Noah hahitaji kufungia fedha kwenye namba za Mercedes mpaka mteja wa Mercedes abishe hodi.

Kwa hiyo bora kununua namba hizo chache kwa ubora wa juu, spana za mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, pamoja na boksi spana zake na mkono wa nusu inchi. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iwepo kwa dharura tu, maana midomo yake hulegea na kula kona za nati, na nati iliyolika kona hugeuza kazi ya dakika tano kuwa ya nusu siku.

Kipi kitangulie

Mpangilio unaojilipa hufuata kazi inayoingia. Hatua ya kwanza ni mahali pa kushikia: meza imara na jiriwa lililofungwa kwa bolti, mdomo wake ukiwa usawa wa kiwiko cha fundi akiwa amesimama. Bila jiriwa, tupa, msumeno wa chuma na tindo hufanya nusu ya kazi yake. Hatua ya pili ni spana zilizotajwa, bisibisi, plaizi, nyundo na futi. Seremala naye ataanza na msumeno, randa, patasi za ukubwa wa aina mbili tatu, skwea na jiwe la kunolea. Hilo jiwe husahaulika, ilhali patasi butu haina thamani hata ingekuwa ya Sheffield.

Hatua ya tatu, kwa anayegusa magari, ni jeki na stendi zake, na hapa hakuna cha kupunguza. Jeki ni ya kuinulia. Gari likishainuka linapaswa kukaa juu ya stendi kabla mtu hajaingiza kichwa chini. Jeki ya maji ikivuja hakuna onyo, na tofali hupasuka ghafla. Stendi mbili za chuma kizito hugharimu kidogo kuliko siku moja ya hospitali.

Umeme uje hatua ya nne: drili, kisha grenda. Grenda ndogo ya milimita 115 ndiyo mashine inayozalisha fedha haraka katika karakana ndogo, kwa kukata, kusaga na kusafisha maungio. Ndiyo pia inayojeruhi. Huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati diski kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kuhimili mizunguko kama 6,600. Anayevua kinga ili adumbukize diski kubwa kwenye grenda ndogo anaomba ipasuke usoni mwake. Diski pia huzeeka. Tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa kwenye pete ya chuma ya katikati, na hushauriwa isizidi miaka 3 tangu kutengenezwa. Mnunuzi aisome kabla ya kulipa, maana diski za bei ya kutupa mara nyingi ni zile zilizokaa ghalani.

Mashine ya kuchomelea, kompresa na winchi ya kushushia injini zisubiri. Zikodiwe kwa jirani mpaka kodi anayolipa fundi kwa miezi michache ikaribie bei ya kununua. Hapo hesabu itakuwa imemwambia yenyewe kwamba wakati umefika.

Rahisi huvunja upishi

Tuseme seti ya spana inauzwa shilingi 30,000 na inadumu miezi sita, na nyingine inauzwa 90,000 na inadumu miaka kumi. Kwa miaka kumi, ya kwanza itakuwa imenunuliwa mara ishirini na kugharimu 600,000, bila kuhesabu nati zilizolika, vidole vilivyochubuka na wateja waliokwenda kwingine. Zana duni humtoza fundi ushuru wa kimya kimya kila siku ya kazi.

Alama ya Cr-V kwenye spana humaanisha chuma chenye kromu na vanadi, lakini kugonga alama hakuhitaji kuwa na chuma chenyewe. Mnunuzi makini hutazama zaidi ya maandishi. Mdomo wa spana uibane bolti bila kucheza. Rangi ya kromu isiwe na mapovu. Meno ya mkono wa boksi spana yalie kwa mpigo mmoja ulio sawa. Ncha za drili ziwe nyoofu zikiviringishwa juu ya kioo cha meza. Mitumba ya Ulaya na Japani hushinda hapa, kwa sababu spana iliyotumika miaka ishirini bila kupanuka mdomo imeshafanya mtihani wake. Dola nazo zina wajibu. Kenya ilipata shirika la viwango, KEBS, mwaka 1974, na sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Tanzania ina TBS tangu 1975, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia. Ukaguzi wao unasikika zaidi kwenye vyakula na nyaya za umeme. Jeki inayodai tani 2 na kushindwa tani 1 inastahili ukali uleule.

Umeme wa Japani na umeme wetu

Zana za umeme za mtumba zina mtego mmoja unaounguza fedha kwa sekunde. Japani hutumia volti 100, sisi 230 hadi 240. Mashine iliyoandikwa 100V ikichomekwa moja kwa moja ukutani hupokea volti zaidi ya mara mbili, na joto ndani ya waya zake hupanda zaidi ya mara tano. Haiwezi kupona. Anayeinunua lazima ahesabu na bei ya transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati za mashine yenyewe. Mara nyingi jumla hiyo hufuta unafuu wote.

Zana za betri nazo zimeingia kwa kishindo, na zinafaa mahali umeme unapokatika. Mnunuzi ajue mawili. Betri iliyoandikwa volti 20 na iliyoandikwa 18 kwa kawaida ni kitu kilekile: seli tano zenye volti 3.6 kila moja, ambazo zikijaa pomoni hukaribia 4.2. Pili, betri ya kampuni moja kwa kawaida haingii kwenye mashine ya nyingine, hivyo drili ya kwanza inakufunga kwa kampuni hiyo kwa miaka. Uliza kwanza kama betri ya akiba inapatikana mjini kwako.

Anayefanyia kazi nyumbani akumbuke pia mita. Tanzania, nafuu ya bei ya umeme wa majumbani imewekewa kikomo cha wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Mashine ya kuchomelea itauvuka haraka na kumpandisha mwenye nyumba daraja. Gharama hiyo iingie kwenye bei ya kazi, na kwenye mazungumzo na mwenye nyumba, kabla ya ugomvi kuanza.

Mtaji uko wapi

VETA nchini Tanzania, na NITA kwa mitihani ya ufundi Kenya, huwapa vijana vyeti vya kuaminika. Wengi huondoka na cheti bila spana, kisha hukaa miaka wakiazima zana za bosi. Benki hutaka hati ya nyumba. Mikopo ya halmashauri za Tanzania, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida hupitia vikundi. Hustler Fund ya Kenya, iliyozinduliwa Novemba 2022, huwapa wengi viwango vinavyotosha spana, si kompresa.

Lakini sheria zinazoweza kufungua mlango zipo. Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria inayoruhusu mali inayohamishika, mashine zikiwemo, kuwa dhamana ya mkopo. Tanzania ina sheria ya ukodishaji wa mitambo tangu 2008, ambayo kwayo mkopeshaji hubaki na umiliki mpaka fundi amalize kulipa. Mashine inajidhamini yenyewe. Kilichobaki ni mabenki kushuka mpaka kwenye karakana ndogo, na vyuo vya ufundi kuwaunganisha wahitimu na wakopeshaji hao siku ileile ya kukabidhiwa vyeti. Vikundi vya halmashauri navyo vingefanya vyema kununua mashine kubwa moja ya pamoja kuliko kugawana fedha taslimu zinazoyeyuka.

Kwa anayeanza mwezi huu na fedha kidogo mkononi, ushauri ni huu: nunua namba 10, 12 na 14 zilizo bora kuliko zote unazoweza kumudu, funga jiriwa, nunua stendi za gari, na tenga sehemu ya kila malipo kwa ajili ya zana inayofuata. Karakana iliyojengwa hivyo hukua polepole, lakini haidaiwi na kila kilichomo kinazalisha.