Nguzo ya Kichanja Isiguse Udongo

Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba mwezi Aprili 2019, nyumba za kuishi zimeongezeka pembezoni mwake, na wengi wanaojenga hutamani kichanja cha mzabibu uani. Ni wazo zuri: jua la Dodoma ni kali, na zabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tatizo liko chini. Nguzo ikifukiwa ardhini, mchwa huanza kuila usawa wa ardhi, mahali ambapo huwezi kumwona. Dawa yake ni msingi wa zege na kiatu cha chuma kinachoinua mti juu ya udongo.

Kichanja chenyewe ni chepesi. Kazi kubwa ya zege ni kukizuia kisinyanyuliwe na upepo. Chukua kichanja cha mita 3 kwa 4 kilichofunikwa vizuri na majani. Upepo wa kilomita 90 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 38 kwa kila mita ya mraba. Ukiingia wote kwa chini, ni kama kilo 456, yaani kilo 114 kwa kila nguzo kati ya nne. Shimo la sentimita 50 kwa 50 lenye kina cha sentimita 60 likijaa zege lina uzito wa kilo 360 hivi. Hapo una akiba ya mara tatu, na mzabibu ukizeeka utaihitaji.

Kabla ya kuchimba, pima pembe. Kwa kichanja cha vipimo hivyo, kamba ya kona hadi kona iwe mita 5 kamili pande zote mbili. Ukikutana na mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usimwage zege juu yake. Chimba zaidi, uutoe, kisha shindilia changarawe kwa matabaka.

Kwa mchanganyiko, tumia ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Mashimo manne yatakula mifuko minne hivi ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, kwani zege la majimaji huwa dhaifu. Uso wake uinuke sentimita 10 juu ya ardhi, ukiwa na mteremko ili maji yasituame.

Bolti nne za milimita 12, zilizopindwa chini, zizame sentimita 25 hadi 30. Zipitishe kwanza kwenye kipande cha mbao kilichotobolewa sawasawa na kiatu, zisiyumbe wakati zege linamwagwa. Kiatu kipakwe rangi ya kuzuia kutu, na kiache nafasi ya sentimita 3 kati ya mti na zege.

Upepo mkavu wa Dodoma hunyang'anya zege maji kabla halijakomaa. Lifunike kwa magunia yaliyolowa na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28, kwa hiyo fundi akitaka kusimamisha nguzo siku ya tatu, mkatalie.

Baada ya hapo kagua ile nafasi kila mwezi. Mchwa hawatobi zege zima. Hupanda kwa nje, wakijenga vijia vya udongo. Ukiviona, vikwangue na uweke dawa siku hiyohiyo.