Picha Inayotamkwa: Kamera ya Diski na Mpaka wa Neno

Sote tumelikariri somo la Saussure: sauti za lugha hufuatana katika wakati, moja baada ya nyingine, kama zilizopangwa kwenye mstari. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1916, na katika mitihani tunaiandika kanuni hiyo kisha tunapita. Mimi nimeielewa zaidi nyumbani Kamatanda, kwa kutengeneza pamoja na yaya wangu, fundi wa redio, kamera ya televisheni ya aina ya zamani kabisa: ile ya diski yenye matundu.

Wazo ni la Paul Nipkow, aliyeliombea hataza huko Ujerumani mwaka 1884 akiwa mwanafunzi wa miaka 23 (mdogo wangu kwa mwaka mmoja, jambo ambalo yaya hachoki kunikumbusha). John Logie Baird ndiye aliyewaonyesha wanasayansi picha za namna hiyo mjini London, Januari 1926. Tatizo lao lilikuwa hili: uso wa mtu una sehemu nyingi za mwanga na giza, zote zipo kwa wakati mmoja, lakini waya ni mmoja, nao hubeba kiasi kimoja tu kwa wakati. Basi picha lazima ikatwe vipande, vipelekwe kwa foleni kama sauti zinavyotoka mdomoni.

Kinachokata ni diski. Yetu ni ya bati jembamba la alumini, upana sentimita 40, imepakwa rangi nyeusi. Karibu na ukingo tumetoboa matundu 30, kila moja nyuzi 12 kutoka kwa jirani yake, na kila moja limesogea nusu milimita kuelekea katikati kuliko lililotangulia. Tundu lenyewe lina upana wa nusu milimita, ncha ya sindano tu. Lenzi hutupa picha ya uso juu ya diski. Tundu la kwanza hupita juu ya picha na kusoma mstari mmoja. Likitoka, la pili huingia na kusoma mstari wa kando yake. Mzunguko mmoja ni picha nzima. Nyuma yake kuna fotodiodi, jicho dogo linalogeuza mwanga kuwa umeme, kisha ampli.

Mota imetoka kwenye feni ya gari na inakula betri, maana umeme wa mtaani si wa kutegemea. Huzunguka mara 750 kwa dakika, yaani picha 12 na nusu kwa sekunde, kipimo cha Baird. Mwanga ndio unaotutesa. Picha ya mistari 30 yenye uwiano wa 3 kwa 7 ina vipande kama 2,100, na tundu hupitisha kimoja tu. Anayepigwa picha hukaa mbele ya taa kali hadi jasho limtoke.

Sasa piga hesabu: mistari 30 mara 12 na nusu ni mistari 375 kwa sekunde. Hiyo ni sauti! Niliunganisha ampli na kompyuta, nikafungua rekodi katika Praat, programu ileile tunayopimia irabu. Uso wa yaya unalia kama nyuki, kwenye herzi 375, 750, 1,125 na kuendelea, na akigeuza kichwa mlio hubadilika. Baird mwenyewe alirekodi picha zake kwenye sahani za gramafoni tangu 1927.

Kuirudisha picha kunahitaji diski ya pili, yenye taa ya ledi nyuma yake. Ikizunguka polepole kidogo kuliko ya kwanza, uso huteleza pembeni. Zikianza mahali tofauti, sikio huangukia katikati na pua hukatwa na ukingo. Hakuna kipande kilichopotea, mfuatano ni uleule, lakini uso haupo. Mfuatano peke yake hautoshi: mpokeaji lazima ajue mstari unaanzia wapi.

Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na mkazo. Nyúmba, nyumbáni: sikio likiupata, linajua imebaki silabi moja na neno limekwisha. Trubetzkoy aliiita kazi ya kuonyesha mipaka. Maneno kama barábara, yenye maana ya sawasawa, huvunja kanuni, lakini ni machache. Vitabu vyetu huweka mkazo mwishoni mwa sura ya fonolojia, kama pambo. Sikubaliani navyo, bila mkazo, msikilizaji hupoteza alama yake ya karibu zaidi ya mahali neno linapokatika.

Kwa sasa diski zetu mbili zimefungwa kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo haziwezi kupishana. Picha ni nyekundu, kubwa kama stempu. Mkono huonekana vizuri, macho ni vivuli viwili, na mama alimtambua yaya pale tu alipocheka. Hatua inayofuata ni kuzitenganisha na kuweka alama nyeusi mwanzoni mwa kila mstari, ili diski ya pili iwe na kitu cha kushika.