"Protini atapata wapi?" Mzee, umekosea swali

Swali ninalijua kabla mzazi hajakaa kitini. Binti yuko mwaka wa pili Makerere, amerudi nyumbani likizo na kutangaza kwamba hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa. Mama ananung'unika kuhusu marafiki wabaya. Baba anakunja mikono: "Musawo, protini atapata wapi? Si ataishia kupata obwosi?" Musawo ni daktari, obwosi ni kwashiakor.

Tupige hesabu basi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na FAO ya mwaka 2007 inasema mtu mzima mwenye afya anahitaji gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Binti wa kilo 55 anahitaji gramu 46 hivi. Mchana mpe kikomando cha Wandegeya: chapati mbili zina kama gramu 12, na gramu 200 za maharage yaliyoiva zina kama 17. Jioni mpe posho ya gramu 150 za unga wa mahindi, kama gramu 12 nyingine, pamoja na mchuzi wa binyebwa wenye gramu 50 za karanga, kama 13. Jumla ni 54. Bado hajanywa uji wa asubuhi, na hakuna kuku aliyekimbizwa uani.

Hapo baba msomi hutoa karata yake: protini ya mimea "haijakamilika". Ni kweli kwamba ngano na mahindi ni haba kwa lisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini. Maharage yamejaa lisini. Aliyebuni kikomando hakuwa na shahada ya lishe, lakini alipatia. Wala si lazima viwili hivyo vikutane sahani moja. Vikiliwa siku hiyo hiyo vinatosha. Frances Moore Lappé, Mmarekani aliyeieneza kanuni ya kuchanganya kila mlo katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliiondoa mwenyewe katika toleo la 1981. Miaka zaidi ya 40 imepita, na bado ninaisikia kila wiki.

Halafu mimi huuliza: mzee, ulisoma bweni? Alisoma. Ulikula nini kuanzia S.1 hadi S.6? Posho na maharage. Ukiwaweka kando dumuzi waliokuwa ndani ya maharage, ulikaa miaka sita karibu kabisa na mlo huu unaomkataza binti yako, na ukafaulu mitihani, na ukacheza mpira.

Hofu ya obwosi, hata hivyo, siicheki. Ina mizizi, na mizizi mingine iko hapa hapa kwenye kilima cha Mulago. Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo kitabibu mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo. Hapa Kampala, Hugh Trowell na wenzake J. N. P. Davies na R. F. A. Dean walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Waliwaona watoto walioachishwa kunyonya wakalishwa matoke tupu: miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabanduka. Matoke yana protini ya gramu 1 na ushee tu kwa kila gramu 100. Uamuzi ukatolewa kwamba kilichokosekana ni protini, na iliyo bora ni ya mnyama. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakaichukua hoja hiyo, dunia ikahubiriwa kuhusu upungufu mkubwa wa protini, na mahubiri yakafika kliniki za wajawazito. Nyanya zetu waliyasikia huko, wakawarithisha mama zetu.

Yaliyofuata hayakufika jikoni. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba kampeni yote ile ya protini ilikuwa fedheha kubwa. Mwaka 1982 Michael Golden, aliyekuwa akiwatibu watoto Jamaika, alionyesha kwamba uvimbe hupungua hata mtoto akilishwa chakula chenye protini kidogo. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya utafiti wa mapacha wa Malawi: nyumba moja, sufuria moja, pacha mmoja anavimba na mwenzake havimbi. Watafiti wakaona bakteria wa tumboni nao wana mkono wao. Asiyeamini maandishi na aingie wodini. Mtoto mwenye uvimbe wa utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye protini gramu 0.9 tu kwa mililita 100, wakati maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Yamepunguzwa kwa makusudi, maana ini na figo za mtoto huyo haziwezi kubeba protini nyingi siku za mwanzo. Basi, ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza ina protini kidogo hivyo, mtauitaje ugonjwa wa kukosa nyama?

Sisemi protini si kitu. Mtoto wa matoke tupu hukosa karibu kila kitu, protini ikiwemo: nguvu, madini, vitamini. Ndiyo maana kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa Mulago mwaka 1965, kiliwafundisha akina mama kupika kitobero, yaani matoke au viazi pamoja na maharage au karanga, na dodo, yaani mchicha, na kijiko cha maziwa au dagaa wa mukene kikipatikana. Na binti yako, mzee, hajaachishwa ziwa jana. Ana miaka 20.

Trowell mwenyewe, baada ya kustaafu, aliungana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefahamiana naye Mulago, wakatumia miaka yao ya uzeeni kuitetea nafaka isiyokobolewa, maharage na nyuzinyuzi. Sehemu hiyo ya maisha yake hainukuliwi mezani.

Sasa swali ambalo mzazi angepaswa kuniuliza, na haniulizi: vitamini B12 atapata wapi? Jibu ni kwamba katika mimea hataipata. B12 hutengenezwa na bakteria na kutufikia kupitia vyakula vya wanyama. Ini huihifadhi kwa miaka, kwa hiyo binti atakaa salama mwaka, pengine mitatu, atawacheka wote waliomtisha, kisha vidole vitaanza kufa ganzi. Mishipa ya fahamu ikishaharibika huenda isirudi. Hapa vijana nao nina ugomvi nao. Wananiletea unga wa kijani wa mwani, spirulina, walioununua kwa bei ya mbuzi mzima, wakiambiwa una B12. Iliyomo mle ndani ni sura ya B12 ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mlonge hauna kabisa. Biringanya, tangawizi na mboga isiyooshwa, vivyo hivyo.

Na wazazi, acheni juisi ya bitiruti. Haiongezi damu kwa sababu ni nyekundu. Gramu 100 za bitiruti zina chuma miligramu 0.8 hivi, maharage yaliyopikwa yana zaidi ya maradufu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta 32% ya wanawake wa Uganda wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na wengi wao hawajaapa kuacha nyama. Malaria, minyoo na hedhi vimo humo.

Ya kufanya, kwa haraka. Kidonge cha B12 cha mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Msome lebo: vidonge vingi vya bei nafuu vinavyoitwa "B complex" havina B12 ndani, kwa hiyo tafuteni neno sianokobalamini. Maharage yalowekwe usiku, yaliwe na limau, embe au juisi ya pasheni. Chai isubiri saa nzima baada ya kula. Maharage ya NAROBEAN yaliyotolewa mwaka 2016 yana chuma zaidi, yatafuteni sokoni. Simsim, karanga na soya kila siku. Sukuma wiki kwa kalsiamu, maana ya dodo hunaswa kwa wingi na oksalati. Chumvi iwe ya madini joto. Mbegu za chia, ambazo sasa zinalimwa hapa nchini, kwa mafuta ya omega-3. Chipsi na soda pia havina mnyama, lakini huo si mlo. Apimwe damu mara moja kwa mwaka: wingi wa damu, akiba ya chuma na B12.

Mtoto mchanga ni kesi nyingine, sitaki kusikia mtu akinitaja kama shahidi wake. Wataalamu wa lishe wa Marekani, waliosema mwaka 2016 kwamba mlo huu ukipangwa vizuri unafaa umri wote, mwaka 2025 walitoa msimamo mpya unaowahusu watu wazima tu, bila wajawazito na wanaonyonyesha. Mtoto anayenyonya kwa mama asiyekula kitu cha mnyama na asiyemeza B12 anaweza kuumia ubongo kabla mama hajahisi lolote. Kama mama huyo ni wewe, usingoje likizo wala ushauri wa shangazi: anza kidonge leo, na wiki hii umpeleke mtoto kliniki.