Shangazi Arudishwa Mlangoni

Mwaka huu nimeombwa niandike habari za kupiga kura hapa Uingereza. Sitaanza na sheria. Nitaanza na shangazi yangu.

Shangazi alitoka Unguja mwaka 1964, na tangu apate haki ya kupiga kura hajakosa hata mara moja. Zamani kazi ilikuwa nyepesi: unafika, unataja jina na anwani, unapewa karatasi yako. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya uchaguzi wa mabaraza ya miji, nilimpeleka kituoni mchana. Mkononi alikuwa na kadi aliyoletewa na posta, na kadi yake ya benki. Msimamizi akamwambia kwa adabu kuwa hizo hazitoshi. Sheria ya 2022 inataka kitambulisho chenye picha.

Tulipofika garini akasema, "Mwanangu, miaka yote hii jina langu lilitosha. Leo limepungua nini?"

Sikuwa na jibu. Kadi ile ya posta ilieleza habari ya picha, na mimi ndiye msomaji wa barua zake. Sikuisoma.

Nyumbani alifungua mkoba wake wa hati, akatoa pasipoti ya Uingereza iliyokwisha muda tangu 2016. Nikapiga simu baraza la mji. Wakanijibu kuwa hata iliyokwisha muda hukubaliwa, maadamu picha bado inafanana na mwenyewe. Vituo hufungwa saa nne usiku. Tukaswali Magharibi, tukarudi, na Shangazi akapiga kura yake.

Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kuwa watu kama 14,000 walirudishwa siku ile kwa ajili ya kitambulisho na hawakupiga kura. Shangazi alikuwa karibu kuwa mmoja wao, kwa uzembe wangu.

Kwa hiyo, jamaa, tutazame mikoba ya wazee wetu mapema. Katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 zilikubaliwa pasipoti za Uingereza na za nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Pia leseni ya udereva na kadi ya basi ya wazee. Asiye na chochote aliweza kuomba cheti cha mpiga kura bila malipo, ila maombi yalifungwa siku sita za kazi kabla ya uchaguzi. Tazameni pia majina: bibi aliyeandikwa kwa jina la mume katika daftari na kwa jina la baba katika pasipoti, achukue na cheti cha ndoa. Anayevaa nikabu ana haki ya kuomba faragha. Na kwa kuwa sheria hubadilika, ulizeni baraza lenu kabla ya kila uchaguzi.

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Shangazi alikuwapo. Barua zake sasa nazisoma mpaka mstari wa mwisho.